Maswali Ambayo Sikumwuliza Nkambo Yako

Lubumbashi, Jumamosi, saa tisa mchana

Mama Ngoie, binti yangu,

Kosa ambalo watu wengi hulifanya wanapompeleka mzee wao kwenye operesheni ni kuuliza swali moja tu: "Ataamka?" Mzee akifumbua macho wanamshukuru Mungu, wanawapigia simu ndugu walio mbali, na wanarudi nyumbani kuoga. Mimi nilisimama kwenye vichwa vya wagonjwa miaka thelathini na minne, nikiwapa dawa ya usingizi, na nililifanya kosa hilo hilo. Nililifanya kwa mtu ambaye jina lake umelibeba wewe.

Sasa hivi uko sokoni na mama yako. Kesho asubuhi gari litakuchukua hadi Kasomeno, na kutoka hapo utaendelea mpaka hospitali yako ya kwanza. Sitakuandikia juu ya chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala nani wa kumwachia mizigo njiani. Mama yako amekwisha kuyasema hayo mara tatu, na nina hakika huko sokoni anayasema mara ya nne. Mimi nitakuandikia juu ya nkambo yako, bibi yako mzaa mama, kwa sababu kule uendako utakuwa mtu pekee wa dawa ya usingizi, kama nilivyokuwa mimi siku ile. Liko pia jambo lingine, langu mwenyewe. Nitalifikia, ila nipe nafasi.

Wewe ulimjua nkambo akiwa amekwisha badilika. Unamkumbuka ameketi uani, akiwaita watoto wote kwa jina moja. Sisi wengine tulimjua mjane wa mtu wa reli aliyelima shamba lake mwenyewe Kasungami, aliyejua kila mstari wa mahindi umetoa magunia mangapi, na aliyekumbuka siku ya ubatizo ya kila mjukuu. Mimi nilikuwa mkwe wake. Ninyi wa siku hizi ukwe mnauchezea, mnapiga picha na wakwe zenu mmekumbatiana. Sisi hatukula chakula mbele ya mama mkwe, wala hatukumtazama usoni. Nikifika Kasungami, yeye alijifunika kichwa kwa kitambaa cha kikwembe na kugeukia ukuta, kisha akazungumza nami kupitia mama yako, hata kama tuko watu watatu katika chumba kimoja.

"Ambia papa ile kiti iko na musumari."

Nami nimeketi hatua mbili kutoka kwake, nasema: "Ambia mama niliisha kuuona."

Mama yako alikuwa anatucheka. "Miye niko telefone yenu?" Lakini mimi sikucheka. Niliona ni heshima nzuri, na hata leo sisemi ilikuwa mbaya. Nasema tu kwamba niliivaa mahali ambapo ilipaswa kuvuliwa.

Alianguka shambani msimu wa mvua, akavunjika nyonga. Walimleta kwenye hospitali niliyofanyia kazi. Mwenzangu wa dawa ya usingizi alikuwa amekwenda Kipushi kwenye kilio cha msiba na angerudi asubuhi yake. Daktari akaniambia mfupa ule unaweza kungoja hadi kesho, kwa hiyo kama naona vigumu kumhudumia mkwe wangu, tungoje. Nilikataa. Nilitaka mama wa mke wangu ashikwe na mkono ninaouamini, na mkono niliouamini kuliko yote mjini ulikuwa huu wangu.

Basi nikaenda kumwuliza yale maswali tunayouliza kabla ya operesheni. Unayajua. Nilisimama mlangoni nikitazama chini. Bado naikumbuka sakafu ile, kulikuwa na ufa uliokwenda hadi kwenye mguu wa kitanda. Nikamwuliza mama yako:

"Thérèse, mama anakunywaka dawa gani?"

"Hapana, mama hanaka dawa. Eko muzima, ni mugulu tu."

"Na maumivu? Mbele ya kuanguka alikuwa na maumivu fulani?"

"Magoti kidogo. Ni uzee."

"Na kichwa? Anakumbukaka bintu muzuri?"

Hapo mama yako alinyamaza kidogo. Niliusikia ule unyamavu. Mtu wa kazi yetu anapaswa kusimama pale pale na kungoja. Kisha akasema: "Mama? Anakumbuka kupita miye." Na sauti ya nkambo ikatoka chini ya kikwembe: "Ambia papa asipate mashaka. Miye niko muzuri."

Niliandika kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa: hakuna dawa, hakuna ugonjwa wa zamani, akili timamu. Maneno matatu, na hata moja sikulisikia kutoka kwa mtu ambaye angelala mezani kwangu. Mama yako alijibu alivyojibu kwa sababu alikuwa mtoto mwema. Alikuwa amekwisha kuona mama yake anatia chumvi mara mbili kwenye mboga, na siku moja aliacha mbabula, jiko la mkaa, inawaka ndani ya nyumba milango imefungwa. Lakini mtoto gani wa kwetu atasimama mbele ya mume wake, mama yake akisikia, aseme kichwa cha mama kimeanza kupotea? Usimlaumu. Swali lile lilikuwa langu, na nililiuliza kwa mtu asiyeweza kulijibu.

Operesheni yenyewe ilikwenda vizuri. Damu kidogo, moyo ulitulia, alifumbua macho kwa wakati. Nilitoka nje nikawaambia ndugu: "Ameamka." Nikaenda nyumbani, nikaoga, nikala.

Wewe umefundishwa majina ya dawa na vipimo vyake kuliko mimi. Ila acha nikupe maneno ya kuwaambia familia, kwa sababu shuleni hawakukupa hayo. Waambie usingizi wa dawa si ule wa usiku. Aliyelala usiku ukimwita anaamka. Huyu wetu tumemfungia njia nyingi kwa pamoja: ya kusikia maumivu, ya kukumbuka, ya kujua yuko wapi na ni saa ngapi. Kwa kijana njia hizo zinafunguka zote ndani ya saa chache. Kwa mzee, hasa mzee ambaye kumbukumbu yake ilikuwa imeanza kupungua kimya kimya, zinafunguka moja moja. Nyingine inachelewa siku nne, nyingine wiki, na nyingine hairudi ilivyokuwa. Wala si dawa yetu peke yake. Kuna maumivu yasiyotibiwa, kuna homa, kukosa maji, kulala mahali pageni kwenye taa na kelele, kunyang'anywa miwani. Kila kimoja kinaweza kumvuruga mzee, na sisi tulimpa nkambo vyote.

Miwani yake, ile aliyoifunga kwa uzi mweusi, niliivua mwenyewe kabla ya kumlaza. Niliiweka pamoja na rozari kwenye mfuko wa plastiki, nikaitia kwenye droo ya meza yangu. Ilikaa humo siku tatu. Siku tatu hizo nkambo hakuona uso wa mtu hata mmoja sawasawa, na wauguzi walimsemesha Kifaransa. Walimwuliza leo ni tarehe ngapi, kwa Kifaransa, mama aliyesali kwa Kiluba na kuuza mahindi kwa Kiswahili. Aliponyamaza waliandika amechanganyikiwa.

Ni kweli alikuwa amechanganyikiwa. Siku ya pili mama wa kitanda cha jirani alinisimamisha mlangoni. "Docta, huyu mama hajalala! Anauliza treni ya Kamina itafika saa ngapi. Nikamuambia, mama, ile treni na miye niko naingojaka tangu miaka!" Chumba kizima kilicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Nkambo alikuwa anavuta sindano ya serumu, yale maji ya mshipani, ili ashuke kitandani awahi kumpokea mume wake, aliyekuwa amekufa miaka kumi na moja. Mjomba wako mkubwa alisema kuna mtu wa familia anayemfunga kichwa kwa uchawi, akaleta watu wa kumwombea, wakapiga kelele juu ya mtu ambaye dawa yake ya kwanza ingekuwa utulivu.

Sasa nakwambia nilichofanya mimi. Niliruhusu wamfunge mikono kwa bandeji kwenye pande za kitanda, kisha nikaagiza sindano ya kutuliza. Hakutulia, nikaagiza nyingine. Jioni yake nikaagiza ya tatu. Asubuhi alikuwa amelala chali, macho wazi, hasemi neno, havuti kitu. Wote walifurahi. "Ametulia," wakasema. Mimi niliandika: hali njema.

Mzee anayepiga kelele baada ya operesheni, watu watakuita, Ngoie. Anayenyamaza hawatakuita. Anaweza kuwa amepotea mbali kuliko yule wa kelele, na kila mtu anapita kitandani kwake kwa kunyata, anasema acheni apumzike. Mimi niliuita ukimya ule kupona, na kwa sababu hiyo nilipoteza siku tatu nyingine.

Siku ya sita mama yako alipeleka nyumbani nguo alizokuja nazo nkambo, azifue. Kwenye ncha ya kikwembe, pale wanawake wanapofunga pesa, alikuta fundo. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya aina mbili, vyeupe na vya njano, bila karatasi. Alikwenda Kasungami kumtafuta mwenye kuviuza. Mtu yule alishangaa: "Mama Ngoie? Shi ni mukiliya wangu wa zamani. Nyeupe ni ya magoti, ya njano ni ya kulala. Ananunuaka kila juma, tangu zamani sana." Mkwe wangu alikuwa na maumivu ya miaka mingi, na kila usiku alikunywa kidonge cha kulala ili ayasahau. Akaletwa hospitali, vidonge vikakatika siku moja, na mwili wake uliovizoea ukakosa cha kushika. Kama ningelijua hilo ningebadili mambo mengi, hata yale madogo. Lakini angewezaje kuniambia? Mama mkwe hamwambii mkwe wake wa kiume kwamba usiku hapati usingizi kwa maumivu. Ni aibu. Angejifunua kichwa na kumwambia mwenzangu wa Kipushi, mgeni, kijana asiye mkwe wa mtu. Na mwenzangu angefika asubuhi.

Alirudi nyumbani, akaishi nasi miaka mitatu, na hakurudi kuwa yule wa zamani. Mguu ulipona. Shamba likapewa mtu mwingine.

Unaweza kuniuliza kama ni mimi niliyeivunja akili yake. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu la kweli ni kwamba sijui. Labda ilikuwa inaondoka tayari, na operesheni iliisukuma tu. Labda ingemkalia miaka mitano zaidi. Nyonga iliyovunjika bila kutengenezwa ingemwua mapema na kwa mateso, kwa hiyo usimwambie mtu yeyote kwamba mzee asifanyiwe operesheni. Lakini siwezi kupima alichopoteza, kwa sababu sikupima alichokuwa nacho. Maneno "akili timamu" niliyatunga mimi, nikitazama ufa wa sakafu.

Mwaka ule wa kwanza alikuwa anapiga kelele kila akiogeshwa. Mama yako alilia, alidhani anachukiwa. Wengine walisema ukaidi wa wazee. Ilinichukua miezi kuona jambo ambalo ningeliona kwa mgonjwa mwingine yeyote kwa dakika moja: kwamba magoti na nyonga vilikuwa vinamwuma, na maneno ya kusema vinauma yalikuwa yamemtoka. Alibaki na mikono ya kusukuma na kinywa cha kukataa kula bukari. Nilianza kumpa dawa nyepesi ya maumivu kwa saa maalumu, asubuhi kabla ya maji ya kuoga, bila kungoja alalamike. Wiki ya pili aliacha kupiga kelele. Siku moja alimwambia mama yako, "Maji iko muzuri." Miezi mingi kwa ajili ya kidonge ambacho kila nyumba inacho!

Na kuna mchana mmoja sijawahi kumsimulia mtu. Nilikuwa nimeketi uani, naye amewekewa sahani yake ya bukari na samaki. Kichwa chake kilikuwa wazi, kikwembe kimeanguka mabegani. Akanitazama usoni moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mtoto wake, akanisukumia sahani.

"Kuya, baba. Tukule. Unakonda."

Hakujua mimi ni nani. Ukwe ulikuwa umemtoka kichwani pamoja na mambo mengine. Nilitazama mlangoni kama kuna mtu, halafu nikanawa mikono nikala naye. Nilimwuliza kama magoti yanauma. Akasema ndiyo, yanauma sana, usiku kuliko mchana, tangu mume wake akiwa hai. Alinionyesha mahali kwa kidole. Ilikuwa rahisi hivyo. 

Ulipozaliwa tulikupa jina lake, na kwa hiyo nimekuita Mama tangu ukiwa mgongoni. Watu wa nje wanaona ni mapenzi, na ni mapenzi. Lakini pamoja na jina nilikuwekea na ile aibu pia. Wewe umekuwa mtu mzima, mwenye diploma ya kazi ile ile niliyofanya, na bado kuna mambo ninayokuambia kupitia mama yako.

Haya, nimefika kwenye jambo langu.

Wiki ijayo, Jumatano, nitafanyiwa operesheni ya prostate, tezi dume. Nilikuficha kwa sababu baba hamwelezi binti yake habari za kukojoa, na kwa sababu nilijua ungetaka kuahirisha safari. Usiahirishe. Kule kuna wagonjwa wanaongoja, na hapa kuna watu wa kunitunza. Wamesema watanichoma sindano ya ganzi mgongoni, sitalala kabisa. Ni vema, lakini wewe na mimi tunajua kwamba hata hiyo haizuii kichwa cha mzee kuyumba, hasa wakiongeza dawa ya kutuliza.

Na kichwa changu si kile cha zamani. Mwezi uliopita, nikitoka Kipushi, nilisimamisha gari kwenye njia niliyoipita maisha yangu yote na sikujua nyumbani ni upande gani. Nilikaa pale. Mwishowe nilimwuliza mwanamke anayeuza mkaa kando ya barabara. Akafikiri namtania: "Papa, shi ni barabara moja tu! Endelea mbele." Nikaendelea mbele. Majina ya dawa nilizozitia kwenye mishipa ya watu maelfu ya mara yananitoka, yanarudi baada ya saa nzima. Mgongo wangu unauma tangu kabla ya kustaafu, na kila usiku nakunywa vidonge ninavyovihifadhi kwenye kopo la zamani la maziwa, nyuma ya vitabu. Vyeupe, na vingine vya kulala. Ndiyo. Mimi pia.

Juzi nilimwambia mama yako kwa utani, "Siku ya operesheni bakikuuliza juu yangu, utajibu nini?"

"Nitasema unakulaka muzuri, unalalaka muzuri, unasumbuaka bantu."

"Na dawa?"

"Dawa gani? Unakunywaka dawa, weye?"

Tumelala kitanda kimoja miaka arobaini, Ngoie, na mwanamke huyo hajui. Jumatano atasimama mbele ya kijana wa dawa ya usingizi na kusema niko mzima, na kijana atainamisha macho kwa heshima, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kazi, na ataandika akili timamu.

Kwa hiyo siombi ubaki. Naomba jambo la nusu saa. Nataka pawe na karatasi moja inayosema ukweli wa mtu huyu alivyokuwa kabla: anakumbuka nini na anasahau nini, maumivu yako wapi, vidonge gani na vingapi. Nakala moja nitampa kijana yule mkononi mwake. Nyingine uende nayo, na wiki mbili baada ya operesheni unipigie simu uniulize tena yale yale, ulinganishe. Nikiwa nimepungua, utajua ni kiasi gani, na hutabaki miaka yote kama mimi, ukijiuliza.

Najua itakuwa vigumu. Utataka kutazama chini. Mimi pia nitataka ugeukie kwingine nitakaposema habari ya kukojoa, na nitakapokosea tarehe ya leo. Usigeuke. Na mama yako akitaka kujibu kwa niaba yangu, mwambie kwa upole angoje jikoni.

Leo, kabla ya chakula cha jioni, chukua daftari, vuta kiti ukae mbele yangu, nitazame usoni, uniulize maswali yote, na uandike ninachojibu hata nikikosea.